Lita 20 za Akiba

Mwanamume wa Dar es Salaam akisikia neno "akiba" likitoka kinywani mwa mkewe, ashike pochi kwanza, kusikiliza baadaye. Nayasema haya nikiwa nimekaa barazani, hapa Ubungo Kisiwani, kwa sababu sebuleni hapakaliki. Kochi la watu watatu limejaa madumu. Kiti changu cha kuangalizia taarifa ya habari kimewekewa furushi la unga mweupe ambao nimekatazwa kuugusa, kuunusa, na hata kuuliza umenunuliwa bei gani.

Tunatengeneza sabuni ya maji. Ya vyombo, ya kufulia, ya kudekia, ya chooni, ya kunawia mikono. Sabuni ni ile ile, inabadilishwa rangi tu: ya kijani ya vyombo, ya bluu ya chooni, ya pinki ya mikono ya wageni. Nilipouliza tofauti yake niliambiwa nisiwe mbishi.

Chanzo ni kikoba. Zamani akina mama wa kikoba walikutana Jumapili, wakanunua hisa, wakakopeshana, wakala chapati, wakarudi kwao. Siku hizi kikao hakikamiliki bila mwalimu wa ujasiriamali. Leo batiki, kesho keki, keshokutwa mishumaa. Alipokuja wa sabuni, na ndoo yake na mwiko wake, mama watoto alirudi na daftari lenye hesabu. Na hesabu ilikuwa nzuri, siisingizii. Upande mmoja bei ya sabuni ya dukani kwa mwezi, upande wa pili bei ya malighafi za lita 20, chini yake tofauti, imezungushiwa duara kwa kalamu nyekundu na kuandikwa kwa herufi kubwa: ADA YA SHULE.

Hesabu hiyo haikuwa na nauli. Haikuwa na ndoo mpya, maana ya kuogea "ina mafuta ya mwili". Haikuwa na mwiko mrefu, glovu, barakoa, chujio, mizani ndogo ya jikoni wala madumu matupu, ambayo mimi nilidhani yanaokotwa, kumbe yana bei na yana madalali. Nilipoonyesha hayo yote kwa adabu, nikajibiwa: "Baba watoto, huo ni mtaji, siyo gharama." Tangu lini pesa ikitoka mfukoni mwangu ikageuka mtaji wa mtu mwingine, sijui.

Tukapanda mwendokasi mpaka Gerezani, mimi nikiwa mbeba mizigo. Pale Kariakoo muuzaji wa malighafi za sabuni ukimwambia tu "ya lita ishirini" hakuhoji, anakupimia vyote. Salfoniki asidi, ya kahawia, nzito kama asali ya Tabora, ila hii ikikudondokea mkononi utaikumbuka. Slesi, ute mweupe usiotaka kutoka kwenye kijiko. Soda eshi. Glisirini. Chumvi. Rangi. Pafyumu ya limau ambayo haijawahi kukutana na limau.

Kwenye soda eshi niliomba nafasi ya kuzungumza. Hayo ni magadi tu, jamani! Ziwa Natron limejaa magadi. Engaruka, kule Monduli, yako mengine chini ya ardhi. Majirani zetu Kenya, kampuni ya kuyavuna pale Ziwa Magadi iliundwa mwaka 1911, mkoloni akiwa hata hajamaliza kupima mashamba. Na mimi, raia wa nchi yenye magadi pande zote, nimesimama juani Kariakoo napimiwa kwa kijiko, tena kutoka kwenye mfuko wenye maandishi ya Kichina. Muuzaji alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mzee, nikuongezee na fomalini?"

"Ya nini?"

"Kuzuia sabuni isioze."

"Fomalini hii ninayoijua mimi? Ya mochwari?"

"Hiyo hiyo, mzee wangu. Lakini hapa unaweka kidogo tu."

Mama watoto alishaanza kuitafuta kwenye orodha ya mwalimu, na kweli ilikuwepo, namba tisa. Nikakataa katakata. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lile lenye makao Lyon, Ufaransa, liliiweka kemikali iliyomo humo kwenye kundi la vitu vinavyowapa binadamu saratani tangu mwaka 2004. Halafu fikiria mwenyewe: sabuni ya matumizi ya nyumbani, inayoisha kabla mwezi haujaandama, inahifadhiwa kama maiti anayesubiri ndugu kutoka Bukoba! Hapo nilishinda. Ni ushindi wangu pekee katika kiwanda hiki, kwa hiyo naomba usomwe mara mbili.

Kazi ya kukoroga ni ya baba, kwa sababu baba ana mkono. Unachanganya slesi na salfoniki, unakoroga mpaka mchanganyiko unabadilika kuwa mweupe, unaongeza maji kidogo kidogo. Sharti la mwalimu ni ukoroge kuelekea upande mmoja tu, mwanzo hadi mwisho. Ukigeuza mkono, sabuni inakataa. Nilibadilisha mkono mara moja kujikuna shingo, nikapigiwa ukelele kana kwamba nimeiangusha ndoo. Binti yetu, yuko kidato cha nne na anasoma kemia, akasema upande hauna maana yoyote. Naye akaambiwa asiwe mbishi.

Unapomimina maji ya soda eshi, ndoo inafoka bila moto, povu linapanda, unarudi nyuma hatua. "Baba, hiyo ni asidi na besi," binti akanieleza. "Zinapatana, ndiyo maana inatoka kabonidayoksaidi." Nilifarijika kusikia kwamba humu ndani kuna wawili wanaopatana. Akaongeza jambo ambalo mwalimu wa kikoba hakulisema: soda ikipungua, asidi inabaki, na asidi iliyobaki inakula vidole. Ndiyo maana sabuni nyingine za kutembezwa mtaani zinasafisha sahani na kuchuna mikono ya dada wa kazi kwa wakati mmoja. Nikamtuma akatafute zile karatasi za kupimia, za litmasi. Hizo nazo hazikuwemo kwenye hesabu ya ada.

Sasa njooni kwenye chumvi, maana hapa ndipo nilipokula hasara nikiwa nimeshika mwiko.

Sabuni ya maji inapewa uzito na chumvi. Unaiyeyusha pembeni, unaimimina kidogo kidogo, na unaona kwa macho yako sabuni inakuwa nzito, mwiko unaanza kugoma. Ni jambo la kufurahisha, sikatai. Mama watoto akafurahi. Akaongeza. Ikawa nzito zaidi. Akasema, "Ngoja iwe ile ya kuvutika." Nikamwambia inatosha. Akaongeza. Papo hapo, mbele ya mashahidi, ndoo nzima ikalegea ikawa maji. Maji ya kijani, yenye harufu ya limau la uongo.

Binti alikwenda kumuuliza mwalimu wake wa kemia, akarudi na jibu. Chumvi ya kiasi inazifanya chembe za sabuni zijipange ziwe nyuzi ndefu, nyuzi zinasokotana, ndiyo uzito. Ukivuka kiasi, mpangilio unavurugika na sabuni inalegea. Na kiasi chetu sisi si cha mwalimu wa kikoba, kwa sababu yeye alitumia maji ya bomba, ya mto Ruvu. Bomba letu lina ratiba yake na ratiba hiyo haisomeki, kwa hiyo siku ya sabuni tulitumia maji ya kisima. Na visima vingi vya jiji hili, nani asiyejua, vina maji ya chumvi. Ndoo yetu ilikuwa imeshatiwa chumvi tangu ardhini, sisi tukaja juu yake na robo kilo.

Hapo hapo nikaelewa na jingine lililokuwa likinisumbua miaka. Ukifulia maji ya kisima kwa mche wa sabuni, povu halitoki, yanatokea mabonge ya utando mweupe yanang'ang'ania kwenye kola. Mche unaisha, shati bado. Sabuni inagombana na madini ya maji kabla haijauona uchafu. Hizi za salfoniki hazigombani nayo sana, ndiyo maana zinatoa povu hata kwenye maji ya kisima. Kwa hiyo siwezi kusema mradi hauna hoja. Una hoja. Ninachosema ni kwamba hoja yenyewe haimo kwenye daftari.

Ile iliyolegea haikumwagwa. Inasafisha vizuri tu, maana uzito ni wa macho, uchafu haujui kama sabuni ni nzito. Lakini mgeni anajua. Kwa hiyo ya wageni ilitengenezwa upya, kwa maji ya Ruvu yaliyonunuliwa kwa madumu kutoka kwa kijana wa mkokoteni. Ya familia ni ile ya maji. Hata kwenye sabuni kuna sahani za wageni.

Na hapa ndipo penye kilio changu hasa. Tulipokuwa tunanunua sabuni dukani, ilitumika kwa heshima. Tone moja, sponji, sahani kumi. Chupa ikikaribia kuisha inatiwa maji, inatikiswa, inasogea siku tatu mbele. Leo tuna lita 20, na kila mmoja humu ndani ni tajiri wa mafuta. Dada anaosha kikombe kimoja cha chai kwa sabuni ya kutosha kuosha daladala. Wanangu, ambao viatu vya shule walikuwa wanavifuta kwa mate, wanavifua kila jioni. Ukuta umeoshwa. Geti limeoshwa. Kuku wa jirani alipita karibu na karo, akarudi mweupe.

Na povu lote hilo linasuuzwa na nini? Maji. Maji ambayo mara nyingi nayanunua kwa dumu. Zamani vyombo vilisuuzwa mara moja vikaanikwa. Sasa ni maji ya kwanza, ya pili, ya tatu, na sufuria bado linateleza. Sabuni imeshuka bei, maji ya kuiondoa yamepanda, na anayelipa vyote viwili ni yule yule aliyeshika mwiko. Nimejaribu kueleza kwamba povu halisafishi chochote. Kinachosafisha ni ile chembe ya sabuni, upande mmoja inashika mafuta, upande mwingine inashika maji, inayaondoa yote pamoja. Povu ni hewa iliyovaa nguo. Sabuni za mashine za kufulia zinatengenezwa makusudi zisitoe povu jingi na nguo zinatakata. Nikaambiwa mimi ndiye ninayetoa povu.

Mama mkwe alikuja katikati ya hali hii. Aliteremka Mbezi kwenye stendi kuu, tukampokea, shikamoo mama, akaketi barazani karibu nami kwa sababu ile ile ya kochi. Akaangalia shughuli yote, akaangalia sufuria la ugali lililolowekwa kwenye povu tangu asubuhi, akauliza majivu yako wapi.

Huyu mama aliishi miaka ile baada ya vita vya Kagera, sabuni ilipokuwa inapatikana kwa foleni na kwa kujuana. Mwaka 1983, Waziri Mkuu Sokoine alipowafuata wahujumu uchumi, kuna watu walikuwa wanatupa katoni za sabuni usiku wakiogopa kukutwa nazo, na asubuhi wenzao wanafulia majani ya mpapai. Nami nilikuwepo, mdogo, naikumbuka kaptula yangu ya shule na rangi yake ya mpapai. Mama mkwe anasema nguo zilitakata. Mimi nakumbuka vinginevyo, lakini kwa mama mkwe huwezi kubishana na nguo.

Majivu, hata hivyo, hakukosea. Ndani ya majivu ya kuni kuna magadi ya aina yake. Ukiyalowesha na kuyasugulia kwenye sufuria lenye mafuta, kwa kipande cha kumbi la nazi, mafuta yanaanza kugeuka sabuni pale pale, na uvumbi wenyewe unakwangua masizi. Hapo ndipo kiwanda kamili kilipokuwa, kila jiko, kila nyumba ya pwani, bila daftari. Aliomba apewe hayo majivu atuonyeshe. Tukatazamana. Sisi tunapikia gesi. Majirani wanapikia gesi. Serikali ilizindua mkakati wake mwaka 2024, asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, na mapafu ya akina mama yanastahili hivyo, siongei. Lakini majivu hakuna. Ilibidi kijana atumwe kwa muuza chipsi, akarudi nayo nusu kopo, tena muuza chipsi alitaka ashukuriwe. Muda si mrefu yatapimwa kwa kijiko Kariakoo, yatapewa jina la kitaalamu, na kikoba kitaleta mwalimu.

Lile sufuria lilitoka linang'aa mpaka mama watoto akaligeuza juu chini kutafuta kasoro. Akasema limekwaruzika. Mama mkwe akasema, "Mwanangu, hilo ndilo lililokukuza."

Kuna aina nyingine ya watengenezaji, ambao wananitisha kuliko hawa wa salfoniki: wa kwenye simu. Shemeji yangu wa Kimara ni mmoja wao. Kaona video mtu anamwaga siki juu ya bekingi soda, kunafoka, kunachemka, na sinki linakuwa jipya. Kinachofoka ni kabonidayoksaidi ile ile ya kwenye soda ya kunywa. Vikishamaliza kufoka vimeuana, na kilichobaki ni maji yenye chumvi chumvi. Siki peke yake ingeondoa ule ukoko mweupe wa maji ya kisima kwenye birika. Soda peke yake ingesugua. Ukivichanganya umenunua fataki. Hiyo haina madhara, ni hasara tu, na hasara nimeizoea.

Kilichonitoa kitini ni siku alipotaka kuchanganya jiki na ile dawa kali ya chooni, "ili nguvu ziungane". Zinaungana kweli. Inatoka gesi ya klorini, ile ile ambayo Wajerumani waliwafungulia askari wa adui pale Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Shemeji alitaka kuirudia kwenye choo cha nje cha futi nne kwa tano, mlango umefungwa. Hata siki inatosha kuitoa. Jiki yenyewe siigombi. Agosti 2015 kipindupindu kilipolipuka Kinondoni, enzi hizo Ubungo ikiwa bado ndani yake, klorini ilikuwa ndugu yetu wa karibu. Inataka maji tu, na iachwe peke yake. Nilimweleza yote hayo kwa sauti ambayo mtaa mzima ulisikia. Akasema kwenye video hawakusema.

Na chupa! Serikali ya nyumba hii imeamua sabuni iwekwe kwenye chupa za maji ya kunywa, kifuniko kimetobolewa kwa msumari wa moto. Zikiisha hizo, zinatumika za juisi. Mjomba wangu alikuja kutoka Morogoro, amechoka, ana kiu, akakuta mezani chupa ya kitu cha rangi ya pasheni. Akamimina kwenye glasi. Akainua. Nilifika nikaishika ile glasi ikiwa imegusa sharubu. Tangu hapo chupa zote zina karatasi imebandikwa, SABUNI, kwa wino unaofutika ukiguswa na maji. Sabuni ya maji, wino unaofutika na maji. Nimenyamaza.

Watu wakisikia una lita 20 hawaji mikono mitupu. Wanakuja na chupa. Wifi, shemeji, jirani wa kushoto, mwenyekiti wa kikoba, mwalimu wa madrasa, na kijana wa bodaboda ambaye sijui alisikia wapi. "Nitilie kidogo nijaribu." Wameshajaribu, wamerudi kujaribu tena. Lile dumu la akiba lilifika chini, na lile duara jekundu la ada ya shule halijawahi kuonekana likiwa na pesa ndani.

Badala ya kufunga kiwanda, menejimenti imeamua kukipanua. Wanasema wenye chupa hawa ni soko, siyo omba omba. Na kwa kuwa makao makuu ya TBS, shirika la viwango, yako hapa hapa Ubungo, tunapita mbele yake kila siku, hakuna sababu ya sabuni yetu kukosa nembo. Mjasiriamali mdogo anaanzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, anapata barua ya utambulisho, ndipo anakwenda TBS kupimiwa bidhaa. Aliyetumwa kupanga foleni ya barua mnamjua. Niliuliza kama hiyo siku ya kazi niliyoikosa ni mtaji au ni gharama. Sikujibiwa, walikuwa wanachagua rangi ya lebo.

Bei imeshapangwa. Lita tano ina bei yake, lita moja na nusu ina bei yake, za kupima zina bei yake, na hakuna kukopesha, imeandikwa mlangoni, maana undugu na biashara mbalimbali. Jana usiku nilikwenda jikoni kuchukua kidogo nioshe soksi, nikakuta dumu limefungwa kwa kofuli. Nikamwita mama watoto. Nikamuuliza, hata mimi, mwenye nyumba, niliyekoroga upande mmoja mpaka bega likavimba?

Akasema wewe nusu bei, lakini uje na chupa yako.